Kiinua mgongo huja siku moja, uzee hudai kila mwezi

Karani Mstaafu, Tororo

Ndugu zangu, mjadala wa wiki iliyopita kuhusu uvivu wa vijana na ujinga wa wazee katika mambo ya fedha uliniacha na neno ambalo naona afadhali nilianzishie uzi wake. Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja hapa Tororo kwa miaka ishirini na saba, nami nilistaafu mwaka 2017 nilipotimiza miaka 55. Muda huo wote niliwakata watu asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii hapa Uganda, nikaongeza asilimia 10 ya mwajiri, na kuipeleka jumla hiyo kabla ya tarehe 15 ya mwezi uliofuata, kama sheria ya mwaka 1985 inavyotaka. Niliwaona wenzangu wakiondoka mmoja mmoja na fedha zao. Wengine nilikutana nao baadaye sokoni, na ni huko sokoni nilikojifunza mambo ambayo daftari la mishahara halikuwa nayo.

Husemwa kila siku, redioni na kwenye semina, kwamba Mganda haweki akiba. Mimi nakataa. Mganda huweka akiba sana, ila huiweka mahali anapoweza kuiona kwa macho yake: katika kibanja (kipande cha ardhi), katika matofali yaliyopangwa nyuma ya nyumba, katika ng'ombe wawili watatu, katika karo ya mtoto anayetegemewa kuja kumlea. Wanaomcheka kwa hilo wamesahau historia ambayo yeye hajaisahau. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli hapa hapa Tororo, mahali ambapo njia ya kwenda Soroti na Lira inaachana na ile ya Jinja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli, posta, bandari na ndege viligawanywa, na suala la nani angewalipa pensheni wafanyakazi wa zamani likasubiri mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1984, na hata baada ya mkataba huo wazee wengi walizeeka wakiwa kwenye foleni. Baba alikuwa na bahasha ya karatasi zake aliyoifunga kwa uzi wa katani, na kila alipoitwa kuhakikiwa alivaa shati jeupe na kuondoka na bahasha hiyo kwapani.

Kisha ukaja mwaka 1987. Mwezi wa Mei serikali ilibadilisha fedha, ikafuta sifuri mbili, na juu ya hapo ikakata asilimia 30 ya fedha iliyokuwa ikibadilishwa. Aliyekuwa na shilingi laki moja za zamani alitoka na shilingi 700 mpya. Mama yangu alikuwa na fedha za pamba ndani ya mkebe wa chai, na sidhani kama tangu siku ile aliwahi kulala tena na noti nyingi nyumbani. Akipata kidogo alinunua mbuzi kabla jua halijatua. Miaka kumi na miwili baadaye, Mei 1999, Benki ya Ushirika ilifungwa, wakati ambapo benki nyingine nazo zilikuwa zikianguka. Wenye amana hawakuachwa hivi hivi, lakini mkulima aliyefika mjini na kukuta mlango wenye askari hukumbuka mlango, hakumbuki tangazo lililofuata. Mtu aliyepitia hayo yote akikuambia kwamba ardhi haifungwi wala haibadilishwi sifuri, anakupa hesabu ya maisha yake, na si haki kumwita mjinga.

Hata hivyo, na hapa ndipo penye shabaha yangu, ardhi ina kasoro moja ambayo hatuitaji tukiwa vijana. Ardhi haitumi fedha tarehe 30. Mtu wa miaka 70 mwenye ekari nne na shinikizo la damu ana mali nyingi, lakini dawa yake ni ya kila mwezi, na hawezi kukata kipande cha shamba cha ukubwa wa kidonge. Hukodisha, hugombana na mpangaji, huuza pembe moja, mwaka unaofuata huuza pembe nyingine, na wanawe wanaanza kumtazama kama mwizi wa urithi wao.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa la aina nyingine, nalo ni aibu zaidi kwa kuwa nilikuwa mtu wa hesabu. Nilipokea shilingi milioni 46 kwa mara moja. Sikuwahi kushika hata milioni tano kwa siku moja maishani mwangu. Katika wiki tatu nilinunua lori la mtumba kwa milioni 38 ili libebe mchanga na matofali kati ya Tororo na Malaba, kwa sababu jirani alikuwa na lori na nilikuwa nikimwona akila vizuri. Sikujua kwamba jirani alikuwa fundi wa injini kabla ya kuwa na lori. Mimi nilikuwa na dereva aliyeniambia kila Jumamosi kwamba kuna kitu kimevunjika, na sikuwa na njia ya kujua ni kipi kimevunjika kweli. Mwaka 2019 nililiuza kwa milioni 14.

Nadhani tatizo la taifa letu katika jambo hili ni kwamba mfumo wa waajiriwa wa kampuni binafsi humkabidhi mtu fedha zake zote siku moja, akiwa na umri wa miaka 55, na kumgeuza mfanyabiashara siku ileile anapoanza kuwa mzee. Aliyeishi kwa mshahara kwa miaka thelathini anajua kuishi kwa mshahara. Ningependa kusikia kutoka kwenu: kuna yeyote kati yenu aliyefaulu kuigeuza akiba yake iwe mshahara tena?

Afande wa Bombo

Mzee Karani, pole kwa lori. Nami nina kisa kinachofanana na chako, ila mimi niliokolewa na jambo ambalo sikulichagua. Sisi tuliotumikia jeshi, kama walimu na watumishi wengine wa serikali, hatukatwi kitu kwa ajili ya pensheni; hulipwa kutoka hazina ya serikali, sehemu kwa mkupuo na sehemu kila mwezi mpaka mtu anapofariki. Ule mkupuo nilijenga nao nyumba ambayo mpaka leo haina dari, na sehemu nyingine ilikwenda kwa shemeji aliyekuwa na mpango wa kufuga kuku. Kuku walikufa kwa mdondo katika siku nne.

Kinachonilisha leo ni kile kidogo cha mwezi ambacho wakati ule nilikidharau. Laiti wangeniuliza siku ya kuondoka kama nataka kuchukua vyote kwa pamoja, ningesaini bila kusoma. Kwa hiyo nakuunga mkono, isipokuwa usidhani kwamba mfumo wetu ni wa peponi. Mwaka 2012 nchi nzima ilisikia habari za wastaafu hewa katika wizara husika, fedha za mabilioni zikitoka kwa majina ya watu ambao hawakuwapo, na sisi tuliokuwapo tukaitwa kuhakikiwa upya, tena na tena, kana kwamba sisi ndio wezi. Pensheni inayotegemea hazina ya serikali hutegemea pia hali ya serikali.

Jambo la mwisho: wengi wetu tuliokuwa katika SACCO ya Wazalendo, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, tulijifunza kuweka akiba kwa sababu hisa zilikatwa kabla mshahara haujatufikia. Fedha isiyopita mkononi haina shemeji.

Mama wa Mitumba, Busia

Waheshimiwa, nawasoma ninyi wawili mkizungumza habari za mishahara na hundi, nami najiuliza kama mnajua kwamba wengi wetu katika nchi hii hatujawahi kupata hati ya mshahara. Mimi nauza nguo za mitumba hapa mpakani tangu nikiwa msichana. Hakuna mwajiri wa kuniongezea asilimia 10. Nikiugua wiki mbili, duka linaugua nami.

Sisi tuna kikundi cha wanawake ishirini na watano. Tunakutana kila Alhamisi, sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wanawake watatu ambao hawatoki ukoo mmoja. Kila mmoja hununua hisa kati ya moja na tano, tunakopeshana kwa riba ya mwezi, na tunaandika kwenye kitabu kidogo mbele ya kila mtu. Mimi naliamini sanduku hili kuliko jengo lolote la ghorofa, kwa kuwa fedha huhesabiwa kwa sauti na mtu akikosa kulipa deni lake tunajua anakoishi. Ukija msiba, kuna mfuko wa pembeni, na hakuna anayeulizwa maswali siku hiyo.

Lakini niseme ukweli ambao wenzangu hawapendi kuusikia. Kila Desemba tunalivunja sanduku na kugawana. Fedha hiyo inakuwa ya sikukuu, karo ya Februari, mabati, gomesi (gauni) mpya. Januari tunaanza na sanduku tupu. Nimekuwa katika kikundi hiki miaka kumi na minne, nimeweka akiba miaka kumi na minne, na akiba yangu haijawahi kuvuka mwaka hata mmoja. Karani aliposema ardhi haitumi fedha tarehe 30 nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu sanduku langu nalo halijui kuzeeka pamoja nami.

Nilisikia kwamba siku hizi mtu asiyeajiriwa anaweza kuchangia NSSF kwa hiari yake. Ni kweli, au ni maneno ya redio?

Kijana wa Ntinda

Naomba nitofautiane nanyi wazee wangu kwa heshima. Nina miaka 27, nimeajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja Kampala, na mshahara wangu ni shilingi 600,000. Baada ya kodi ya mapato na makato mengine, na chumba, na nauli ya bodaboda, na kutuma nyumbani, kinachobaki kinatosha vocha. Mnaniambia nifikirie mwaka 2053. Katika kizazi chetu tumeona watu waliotii ofisi miaka thelathini wakiishia kuuza lori, samahani Mzee Karani. Mwaka 2020, shughuli zilipofungwa kwa sababu ya Korona, watu walikuwa na mamilioni NSSF na hawakuwa na unga ndani ya nyumba, na iliwabidi kusubiri mpaka Januari 2022 sheria irekebishwe, tena kwa mwenye miaka 45 na michango ya miaka kumi tu, naye apewe asilimia 20. Mwaka 2023 Bunge likaunda kamati maalumu kuuchunguza mfuko huohuo. Mimi naona ni bora mtu aweke fedha katika biashara yake mwenyewe au anunue hisa. Ajira ni daraja la kuvukia, haifai kujengewa nyumba.

Karani Mstaafu, Tororo

Nashukuru kwa majibu. Naanza na wewe, kijana, kwa sababu umesema mengi ya kweli na jambo moja lenye hatari.

Ni kweli kwamba fedha iliyofungwa humtesa mtu wakati wa njaa. Nilikuwa miongoni mwa waliotaka marekebisho yale, na nafurahi kwamba mtu mwenye ulemavu anaruhusiwa kuanzia miaka 40, naye huweza kuchukua hadi nusu. Marekebisho hayohayo yaliondoa kisingizio cha zamani cha waajiri wadogo, kwani kabla yake aliyekuwa na wafanyakazi chini ya watano hakulazimika kuchangia, nasi tuliwajua wenye maduka waliokuwa na wafanyakazi wanne mwaka hadi mwaka, na wa tano akiitwa mpwa.

Lakini hebu tuhesabu mshahara wako. Asilimia 15 ya 600,000 ni 90,000 kwa mwezi, na katika hizo 30,000 ni zako na 60,000 ni za mwajiri. Kwa mwaka ni 1,080,000. Tuchukue riba ya asilimia 10, ambayo ndiyo iliyotangazwa kwa mwaka wa fedha 2022/23. Mwaka uliofuata ilikuwa 11.5, na 2024/25 ikawa 13.5, ingawa sheria yenyewe inadai angalau 2.5 tu, kwa hiyo usichukulie kumi kuwa ahadi. Kwa miaka ishirini bila kuongezewa mshahara hata mara moja, utakuwa na karibu milioni 62. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, milioni 62 hizo zitanunua kile ambacho milioni 23 hununua leo. Si utajiri. Ila kumbuka kwamba wewe umetoa milioni 7.2 tu kutoka mfukoni mwako. Nionyeshe biashara ya Ntinda ambayo mtu mwingine anakuwekea shilingi mbili kwa kila moja yako, nami nitakuja Kampala na mabaki ya lori langu.

Kuhusu hisa, sina ugomvi nazo. MTN Uganda ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2021 kwa shilingi 200 kila moja, na Airtel Uganda mwaka 2023 kwa shilingi 100, watu wa kawaida wengi walijiandikisha kwa simu, na hilo ni jambo jema. Kinachonisumbua ni kwamba vijana wanaonifuata kuuliza habari za uwekezaji mara nyingi wanataka kitu kinachozaa asilimia 30 kwa mwezi. Mwishoni mwa mwaka 2019 kampuni moja ya sarafu za kidijitali ilifunga milango ghafla na kuondoka na fedha za maelfu ya watu, wengi wao vijana, na kabla yake, mwaka 2007, wengine waliliwa fedha zao na shirika lililotumia jina la yatima na wajane. Mtu anayekuahidi kwa mwezi kile ambacho serikali hulipa kwa miaka miwili anajua jambo ambalo wewe hulijui, nalo ni siku atakayofunga ofisi.

Mama wa Busia, si maneno ya redio. Sheria ya 2022 iliruhusu michango ya hiari, na tangu 2023 kuna mpango ambao mtu huweza kuanza na shilingi 5,000 kwa simu. Sikushauri uliache sanduku. Sanduku linakupa mkopo Alhamisi jioni na kukuzikia mama yako, na hakuna mfuko wa taifa utakaofanya hivyo. Ushauri wangu ni kwamba Desemba mkigawana, kabla ya gomesi, sehemu ya kumi ya mgao wako iondoke siku hiyohiyo kwenda mahali ambapo haivunjwi. Sehemu ya kumi tu. Kikundi kizima kikikubaliana kufanya hivyo kwa pamoja itakuwa rahisi zaidi, kwa kuwa utaona aibu kutofanya wenzako wanapofanya.

Mwalimu wa Mbale

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja na nimebakiza miwili nifikishe 60. Wenzangu mmezungumzia lori, kuku na sanduku, lakini hamjataja uwekezaji mkubwa kuliko yote katika nchi hii, nao ni mtoto. Mimi nimesomesha watano. Kila muhula nilichukua mkopo unaolipwa kwa kukatwa mshahara, na kabla haujaisha niliuongezea mwingine. Nikifungua hati yangu ya mshahara leo, ninaona kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikifanyia kazi benki, na benki inanipa posho.

Sijuti. Binti yangu wa kwanza ni muuguzi, na yeye ndiye anayenunua dawa za mama yangu. Lakini naomba tuwe wakweli: watoto nao wana watoto, na wana Ntinda yao. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46, na karibu nusu yao ni wenye umri chini ya miaka 18. Kijana anayepata mshahara mmoja ana wadogo zake, ana wanawe, ana wazazi, na wakati mwingine ana babu. Tukimwita pensheni yetu tunamtwisha mzigo ambao serikali na waajiri walipaswa kuushika upande mmoja. Serikali hutoa ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wazee, na ilipopanuliwa nchi nzima umri ulipandishwa mpaka miaka 80. Mama yangu ana 78. Ananiuliza kila Krismasi kama bado anahesabiwa kuwa kijana.

Swali langu kwa Mzee Karani ni la moja kwa moja. Nitapata mkupuo wangu baada ya miaka miwili. Jirani yangu ananishauri nijenge vyumba vinne vya kupangisha, vile ambavyo Kampala huitwa mizigo. Wewe ungefanya nini?

Karani Mstaafu, Tororo

Mwalimu, swali lako ndilo nililopaswa kuulizwa mwaka 2017.

Tuseme una milioni 40. Ukijenga vyumba vinne na kila kimoja kikapangishwa kwa 80,000, ni 320,000 kwa mwezi kama vyote vina watu na wote wanalipa, na hali hiyo ni nadra kuliko mvua ya Januari. Kuna kodi ya pango, ambayo kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kile kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kwako ingekuwa kama 122,000. Kuna choo kinachojaa, kuna mpangaji anayehama usiku. Lakini kuna faida mbili ambazo singependa uzidharau: pango hupanda bei zinapopanda, na nyumba hubaki.

Upande wa pili kuna hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali nayo hukulipa riba. Wengi hudhani ni za matajiri, kumbe mtu huweza kuanza na shilingi 100,000. Unakwenda kwenye benki yako ya kawaida, unaomba kufunguliwa akaunti ya hati za serikali katika daftari la Benki Kuu, na unashiriki mnada kupitia benki hiyohiyo. Hati za miaka kumi katika miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka. Tuchukue 15. Milioni 40 zitazaa milioni 6 kwa mwaka. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla riba haijakufikia, kwa hati za miaka kumi na kuendelea ni asilimia 10, kwa hiyo unabaki na milioni 5.4, zinazolipwa mara mbili kwa mwaka, yaani 2,700,000 kila miezi sita, ambazo ukizigawa wewe mwenyewe ni 450,000 kwa mwezi. Hakuna dereva. Kasoro yake ni kwamba 450,000 za mwaka wa kumi zitakuwa nyembamba kuliko za leo, na kwamba mkopaji ni serikali, ambayo Afande ametukumbusha kwamba nayo ina siku zake. Hati za muda mfupi kuliko miaka kumi zina kodi ya asilimia 20, kwa hiyo usishawishiwe na jina tu, uliza muda.

Kama ningekuwa wewe, kwanza ningemaliza mikopo ya mshahara kabla ya siku ya kustaafu, hata kama ni kwa kula maharage miaka miwili, kwa sababu hakuna hati wala chumba kinacholipa kuliko deni linavyokula. Kisha ningegawa fedha: nusu hati ya muda mrefu, robo chumba kimoja badala ya vinne, na robo iliyobaki ningeiweka katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambako naweza kuichukua ndani ya siku chache mtu akiugua. Na nisingewaambia ndugu kiasi. Najua hili la mwisho linasikika vibaya katika desturi zetu. Mimi niliwaambia, na katika mwezi wa kwanza nilipata wapwa saba ambao sikuwahi kuwaona kwenye matanga yoyote.

Tena, wakati wa miezi sita ya kwanza usinunue kitu chochote chenye magurudumu.

Mama wa Mitumba, Busia

Nimewasomea wenzangu maneno ya Karani leo kwenye kikundi, kabla ya kufungua sanduku. Wanane wamekubali habari ya sehemu ya kumi, tisa wamesema watafikiri, na mwenyekiti ameuliza kama Karani ana mke. Nimemjibu kwamba hilo halikuandikwa.

Kijana wa Ntinda

Wazee wangu, nilikuja hapa kubishana, na bado sijakubali yote. Bado naona kwamba kufungiwa fedha mpaka miaka 55 ni muda mrefu mno kwa mtu wa mikataba. Lakini hesabu ya shilingi mbili kwa moja ilinikera, kwa hiyo jana usiku nilifungua taarifa ya michango yangu kwa simu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe miaka mitatu iliyopita. Kwenye hati zangu za mshahara makato yapo kila mwezi. Kwenye taarifa ya mfuko, miezi saba haipo. Na katika miezi iliyopo, kiasi kilichopelekwa ni cha mshahara wa 400,000, wala si 600,000. Pia nimeona kwamba mwaka wa kwanza nilikatwa 90,000 zote kutoka kwenye mshahara wangu mwenyewe. Mzee Karani, hii ni kawaida?

Karani Mstaafu, Tororo

Si kawaida, ijapokuwa hutokea. Asilimia 10 ni ya mwajiri na sheria haimruhusu kuitoa kwenye mshahara wako, na kutangaza mshahara mdogo kuliko ule anaokulipa ni kosa jingine. Usiende kwa meneja bado. Kusanya hati zako zote za mshahara, mkataba wako, na taarifa ya benki inayoonyesha kiasi kilichoingia kila mwezi, uvipige picha na kuviweka mahali ambapo si kwenye kompyuta ya ofisi. Andika kwenye karatasi safu nne: mwezi, mshahara, kilichokatwa, kilichopelekwa. Halafu uende ofisi ya mfuko iliyo karibu nawe na karatasi hiyo, uombe kuonana na afisa anayehakikisha kwamba waajiri wanatii sheria, na umwulize pia kama anaweza kufanya ukaguzi bila kutaja jina la aliyelalamika, kwa sababu una mkataba wa mwaka mmoja na mwajiri wako anajua hivyo.

Na kama kuna wenzako ofisini unaowaamini, waombe nao wafungue taarifa zao usiku wa leo. Ukimaliza zile safu nne, zilete hapa bila jina la kampuni, nami nitakusaidia kujumlisha.